Mfamasia Aliyetaka Tupumue Mbele Yake

Walisema sitafika popote. Walisema mtu wa kifua kama mimi hawezi kubeba hata mtungi wa maji kutoka mtoni, sembuse kupanda ndege kwenda Uarabuni. Mjomba wangu alimwambia mama, nikiwa nimesimama pale pale, kwamba kunipeleka chuo ni kupoteza karo, heri anunue mbuzi, maana mbuzi angalau anapumua. Jirani mmoja wa kanisani alitangaza kwamba sitafika miaka thelathini.

Leo nina diploma ya ufundi wa mitambo ya baridi. Nimefanya kazi Ghuba miaka tisa, juu ya mapaa, katika joto ambalo lingemlaza huyo mjomba kabla ya saa nne asubuhi. Nimerudi na kujenga karakana yangu hapa Malili, kando ya barabara kuu, na bucha zote za hapa friji zake nazijua kwa sauti. Sikupewa na mtu. Nasema wazi kwa sababu wale waliosema sitaweza nao walisema wazi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikujipatia mwenyewe, nacho ni pumzi. Hiyo nilifundishwa na mama mmoja mwenye duka la dawa hapa Malili. Watu walimwita daktari, naye aliwakatiza kila mara: "Mimi si daktari. Mimi ni mfamasia. Daktari anakuandikia, mimi nahakikisha imeingia." Kwa hiyo hata mimi nitamwita Mfamasia.

Nilipoingia kwake mara ya kwanza nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo mwezi huo huo. Nilikuwa na miwani ya jua na haraka. Nilitupa noti juu ya kaunta nikasema, "Nipe pampu ya bluu." Tangu utotoni pumu yangu naituliza kwa ile pampu ndogo ya kuvuta mdomoni, ambayo wengine huiita inhela.

Aliitoa kabatini, akaishika, hakunipa.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Unavyoivuta."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikacheka. "Mama, hii kitu nimeitumia miaka ishirini. Na mimi ni mtu wa gesi, nina diploma. Mkebe wenye presha nauelewa."

"Diploma ya kupumua?"

Foleni ikacheka. Nikashika pampu kwa hasira, nikafungua mdomo, nikabonyeza mara mbili haraka haraka. Ukutani mbele yangu kulikuwa na kioo kikubwa, kama cha kinyozi, na ndani yake nikajiona: moshi mweupe ulitoka mdomoni mwangu ukapanda juu kama wa mvutaji sigara.

Mfamasia aliufuata ule moshi kwa macho mpaka ukaisha. "Haya," akasema. "Umetibu dari. Na dari langu halina pumu."

Nilitaka kuondoka. Kilichonizuia si unyenyekevu, ni hofu. Pale mbele ya kioo nilikumbuka siku zote nilizobonyeza pampu mara kumi, kumi na tano, na kifua hakifunguki. Nilikumbuka chumba chetu cha Ghuba, wanaume wanane, nami nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeshika magoti, nikidhani dawa ni ghushi au mwili wangu umeizoea. Kumbe miaka yote hiyo dawa ilikuwa ikienda hewani.

Alinifundisha hapo hapo. Tikisa. Toa hewa yote kwanza. Ziba mdomo wa pampu kwa midomo. Anza kuvuta polepole, na wakati unavuta ndipo ubonyeze, uendelee kuvuta. Kisha ushike pumzi mpaka mshale wa sekunde wa saa ya ukutani upite alama kumi. Ni maneno machache, na yanaonekana ya mtoto wa chekechea, lakini sehemu ngumu ni ile ya kutoa hewa. Mtu asiye na pumu hawezi kujua hofu ya kuambiwa utoe kidogo ulicho nacho ukiwa tayari unazama. Mfamasia alijua. Hapo pekee ndipo sauti yake ilipokuwa laini. "Toa," angesema, akikushika kiwiko. "Toa yote. Niko hapa."

Alikuwa na kopo la kioo lililojaa pampu zilizokwisha dawa, za kufundishia, kila moja aliifuta kwa spiriti kabla na baada. Hakuna aliyetoka na pampu bila kupumua mbele yake. Haikujalisha wewe ni chifu, ni mwalimu, au ni mimi. Kila mwezi ukirudi, unaanza upya. Watu walinung'unika kwenye foleni. Mfanyabiashara mmoja wa nyanya alimwambia, "Mwaitu, unatuchelewesha, hii ni duka ama ni shule?" Naye, bila kuinua macho, "Ni shule. Karo ni bei ya dawa."

Mwaitu kwetu ni mama, na kila mtu alimwita hivyo alipotaka kumlainisha. Hakulainika.

Kutoka kwake nilijifunza kwamba mjinga wa pampu sikuwa peke yangu. Mzee mmoja alikuja kwa basi kutoka Mutomo, safari ya karibu siku nzima, akilalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Alipoambiwa aonyeshe, alifungua vifungo vya shati akajipulizia kifuani, akasugua kwa kiganja kama mafuta ya mafua. Shemasi mmoja alikuwa anajipuliza puani, tundu moja asubuhi, la pili jioni. Bibi mmoja alikuwa na pampu ya kahawia, ile ya kuzuia, inayopaswa kutumiwa kila siku hata ukiwa mzima. Yeye aliificha sandukuni pamoja na kitambaa cha harusi akisema ni ya siku mbaya, kisha siku mbaya ilipokuja akaitoa na haikumfungua kifua, kwa sababu kazi yake si hiyo. Bibi huyo alikaa Malili siku tatu kwa mwanawe, na siku zote tatu Mfamasia alimwita dukani na kumrudisha mbele ya kioo.

Wengine tuliicheka mikasa hii. Yeye hakucheka. Nilimwona mara moja, baada ya mzee wa Mutomo kuondoka, ameegemea rafu na mkono mdomoni, anatazama mlango.

Kisa cha kwaya ndicho kilichomfanya ajulikane mpaka ng'ambo ya barabara. Kwaya ya akina mama ya kanisa moja la hapa ilikuwa na pampu moja. Si kwamba wote walikuwa na pumu. Dada mmoja ndiye aliyekuwa nayo, na wenzake waliona akivuta anaimba sauti ya juu bila kukatika, basi kabla ya kusimama mbele ya watu pampu ilizunguka benchi zima, mama kwa mama, kama kikombe cha meza ya Bwana. Mioyo iliwadunda, mikono ikawatetemeka, wakasema ni upako. Jumapili moja mwenye pampu alibanwa katikati ya wimbo, akabonyeza, pakatoka upepo mtupu. Alipelekwa hospitalini kwa gari la mchungaji, akapona. Alisema baadaye kwamba alisikia wenzake wakiendelea kuimba, na akadhani ndivyo mtu anavyozikwa.

Jumapili iliyofuata Mfamasia alienda kanisani humo, ingawa si kanisa lake, akaomba dakika kumi baada ya matangazo. Mchungaji alisimama akasema kwa upole kwamba dada yetu asisahau nguvu ya imani.

"Siisahau, Mchungaji," akajibu. "Na hiyo miwani uliyovaa ni ya kusomea imani gani?"

Mchungaji aliivua, akaitazama, akaanza kucheka yeye mwenyewe, na kanisa likamfuata. Ndipo Mfamasia akatoa kwenye mkoba chupa tupu za plastiki za soda, zile za nusu lita. Alikuwa amepasha waya kwenye jiko nyumbani, akazitoboa tako, tundu la kukaa mdomo wa pampu kamili bila mwanya. Kwa wale wasioweza kuvuta na kubonyeza pamoja, na hasa kwa watoto, unapulizia dawa ndani ya chupa na mgonjwa anavuta polepole kutoka upande wa pili. Kile chombo cha dukani cha kazi hiyo wengi hawakukimudu. Chupa iko kila mahali. Wiki hiyo jalala la Malili lilikosa chupa.

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo mchafu kwa watu wazima, hasa wanaume waliovaa suti. Alikuwa hawezi kusamehe mwandiko mbaya. Na alikuwa anavuta ugoro. Ndiyo. Mama aliyewakemea wachoma mahindi kwa moshi wa mkaa alikuwa na kikopo cha ugoro ndani ya droo ya risiti, na saa saba mchana, duka likiwa tupu, alijifungia stoo akapiga chafya tano mfululizo. Nilimfumania. "Mwaitu!" nikasema.

"Nyamaza. Mapafu ni yangu."

"Na ungenikuta mimi?"

"Ningekufukuza," akasema, akajipangusa pua. "Mimi nauza dawa, sijasema nimepona."

Mara moja tu alinieleza kwa nini hakubali mtu atoke bila kuonyesha. Nilikuwa nimekuja kumtengenezea friji ya chanjo, niko chini na bisibisi, yeye yuko juu kwenye stuli, na nadhani ilikuwa rahisi kwake kwa sababu hakuona uso wangu.

Zamani, kabla sijarudi, dereva wa lori la mchanga alisimama barabarani akaja mbio kuomba pampu. Lori lilikuwa linanguruma, wenzake wanapiga honi. Mfamasia alimwuliza kama anajua kuitumia. Akasema, "Mwaitu, hii nimekua nayo." Akampa. Siku ya tatu akaja ndugu yake na ile pampu mkononi, akaiweka juu ya kaunta, akauliza kwa adabu kabisa kama ilikuwa ghushi, kwa sababu marehemu aliitumia sana na haikumsaidia.

"Nikamwambia anionyeshe marehemu alivyokuwa anafanya," Mfamasia akasema. "Akanionyesha. Alikuwa anabana pumzi kwanza, ndipo anabonyeza. Dawa ilikuwa nzuri. Ilikuwa kwenye ulimi wake."

Nilikaza parafujo ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Nimeeleza haya yote ili mwelewe nilivyokuwa siku nilipompeleka binti yangu. Mwende alirithi kifua changu. Mjomba yule aliyenifananisha na mbuzi simwogopi, joto la Ghuba siliogopi, lakini mtoto wangu akikohoa mara mbili mwili wangu wote unasimama. Tangu akiwa na miaka minne, akibanwa mimi ndiye niliyeshika pampu. Mimi natikisa, mimi nasema toa, mimi nabonyeza. Nilifanya vizuri kupita nesi yeyote. Nilijivunia. Hata karakanani wateja walijua kwamba simu ya nyumbani ikilia, friji yao itangoja.

Alipofika miaka kumi na minne alipata nafasi katika shule ya bweni upande wa Migwani, shule nzuri ambayo mimi nisingeota kuingia. Tukaenda kwa Mfamasia kuchukua dawa za muhula.

"Mwende, nionyeshe," akasema.

Mwende akachukua pampu, na bila kufikiri akanyoosha mkono kunipa mimi. Nami nikaipokea.

Mfamasia akatutazama wote wawili. "Baba Mwende, toka nje."

"Kwani—"

"Toka."

Nilisimama nje ya dirisha la vyuma kama mwizi. Nilimwona mtoto wangu kwenye kioo. Alibonyeza kabla ya kuvuta. Akajaribu tena, kidole gumba kikateleza. Mara ya tatu moshi ukatoka puani. Alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa hajawahi kuibonyeza mwenyewe. Ni mimi niliyesababisha. Watu wote waliosema sitaweza hawakuwahi kuniumiza kama kile kioo.

Mfamasia akaja mlangoni, hakupaza sauti. "Umemfundisha kutafuta mkono wako. Kule Migwani mkono wako utakuwa wapi?"

Tulikuwa na wiki tatu. Kila siku saa kumi, jua bado kali, Mwende alikwenda dukani peke yake. Alirudi amenuna. "Dadi, yule mama ni msumbufu. Ati nifanye nikiwa nimetoka kukimbia. Ati nifanye nikiwa nimefunga macho. Ati nifanye akinipigia kelele kwa sikio."

"Na unaweza?"

"Wacha, Dadi. Naweza kuliko wewe."

Kisha tukasoma karatasi ya shule, na chini kabisa imeandikwa: dawa zote zikabidhiwe matroni, zifungiwe kabatini. Nikapiga simu. Nilijieleza mimi ni nani, nimesoma wapi, nimefanya kazi wapi. Matroni alinisikiliza mpaka mwisho akasema sheria ni ya wote. Nikakata simu nikamwambia mke wangu mtoto haendi. Atasoma shule ya kutwa hapa hapa, nimwone jioni. Mwende akaingia chumbani akafunga mlango, nikasikia analia, nami nikasimama mlangoni nikisikiliza kama kilio kile kina filimbi ya kifua. Hata machozi ya mtoto wangu niliyapima hivyo.

Nilikwenda kumwambia Mfamasia kwamba nimeamua. Magoti yake wakati huo yalikuwa mabaya, hata kuvuka barabara alikuwa ameacha. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Pikapu yako ina mafuta?" Siku ya kufungua shule alifunga duka siku nzima, jambo ambalo sijawahi kuliona, akakaa mbele nami, Mwende katikati yetu, tukapita Machakos, tukapita Kitui mjini, na njia nzima aliniambia niendeshe polepole.

Matroni alikuwa mama mnene, mwenye heshima, amechoka. Mabegi yalikuwa kila mahali, na pampu ya Mwende ilikuwa imeshafungiwa kabatini. "Mama, nawaelewa," alisema, "lakini mtoto akipoteza dawa, ama mwenzake akiichezea, ni mimi nitaulizwa. Sheria ni sheria."

Mfamasia hakubishana. Alichukua kalamu ya bei rahisi mezani, akavuta wino wake, akabaki na bomba tupu la plastiki. "Nisaidie kitu kidogo," akasema. "Panda ngazi za bweni mara moja ushuke. Kisha uzibe pua, upumue kwa hii tu. Ukishindwa, itupe, hakuna ubaya. Baba Mwende, nenda ulete pampu kabatini."

Matroni alicheka, akakubali, nadhani kwa sababu wasichana walikuwa wanatazama. Mimi nikakimbia. Kabati lilikuwa ofisini. Ufunguo haukuwepo. Karani akasema uko kwa naibu mwalimu mkuu, naye yuko kwenye mkutano na wazazi bwaloni upande wa pili wa uwanja. Nilijua ni onyesho tu, lakini miguu yangu haikujua. Nilikimbia uwanja ule nikimwona Mwende sakafuni, midomo ya bluu, na mimi nikigonga mlango wa mkutano. Nilifika bwaloni nikihema, nikashindwa kusema. Nilirudi mikono mitupu.

Bomba la kalamu lilikuwa chini. Matroni alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chuma, ameshika shingo, macho yamejaa maji. Hakuna msichana aliyekuwa anacheka.

"Umechelewa," Mfamasia akaniambia.

Matroni alijifuta macho. Kisha akamwita Mwende. "Utakaa nayo mfukoni. Hata ukilala. Nitaandika mimi mwenyewe kwa mwalimu mkuu." Akamgeukia Mfamasia. "Mwaitu, niko na wengine watano humu wenye hiyo shida. Keti unionyeshe."

Walikaa zaidi ya saa moja. Mimi nilisubiri kwenye pikapu. Alipotoka, anachechemea, nilidhani tutaondoka. Akasema niegeshe nje ya lango, chini ya ukuta. Hakusema kwa nini. Tukakaa. Jua likaanza kulainika. Ndani kengele ya michezo ikalia, tukasikia miguu mingi, vumbi likapanda juu ya ua wa michongoma.

Mtu akakohoa kule ndani. Nikashika kitasa cha mlango.

"Si yeye," Mfamasia akasema.

"Umejuaje?"

"Sijui."

Nilimtazama. Miaka yote niliyomjua nilidhani yule mama hana hofu, kwamba alitugawia ujasiri kwa sababu alikuwa nao mwingi. Mikono yake ilikuwa imebana mkoba mpaka viungo vikawa vyeupe.

"Unaogopa," nikasema.

"Kila mmoja anayetoka pale dukani na pampu, naogopa mpaka nimwone tena. Wewe pia. Ulikuwa ukikawia mwezi mmoja nauliza watu kama karakana imefunguliwa." Akatazama mbele. "Haiishi, Baba Mwende. Usingoje iishe ndipo umwachilie."

Tulikaa mpaka wasichana wakatokea kwenye mwanya wa ua, wamevaa bukta, wanazunguka uwanja. Mwende alikuwa wa nne au wa tano. Alipunguza mwendo, akasimama kando peke yake, akainama, mikono magotini. Sikupumua. Mfamasia hakupumua. Mwende akatoa kitu mfukoni, akakitikisa, akatupa kichwa nyuma kidogo. Akakaa kimya, mabega yametulia, wenzake wakimpita. Kisha akakirudisha mfukoni, akasema jambo kwa msichana aliyekuwa karibu, wote wawili wakacheka, na akaanza kukimbia tena. Hakugeuka kutazama lango hata mara moja.